Mgongo wa Mama Ignatio

Kaka yangu Ignatio alitajirika mwaka ule ule ununuzi wa kahawa ulipofunguliwa kwa watu binafsi. Kabla ya hapo alikuwa karani wa ghala, mtu wa suruali mbili. Mambo yalipokuwa ruksa akawa mnunuzi, na mnunuzi akawa mheshimiwa: pikapu, miwani ya jua hata akiwa sebuleni, na mke, wifi yangu Serafina, aliyesahau ghafla njia ya kisimani. Mimi nilibaki fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la Mwanaisha, Mbinga mjini. Sikumwonea wivu. Labda kidogo, kwa ajili ya pikapu tu.

Vipande vinavyobaki kwenye ushonaji huwa sivitupi. Navibandika juu ya gunia la kahawa kwa uji mzito wa muhogo, vinakuwa watu. Kitenge cha maua kinakuwa kilemba, khanga ya madoadoa inakuwa mashavu ya bibi, mistari inakuwa mikunjo ya shati. Kaka aliziita picha zangu matambara. Aliwaambia rafiki zake kwamba mdogo wake amekosa wateja, sasa anayavalisha magunia.

Mama yetu, Zita, alifariki Lipingo, kule ziwani. Siku ya kugawana nguo zake wifi Serafina alichagua vitenge sita vizuri kwa uchungu mkubwa, akilia na kukunja, akikunja na kulia. Mimi nikapata khanga mbili. Msiba si mahali pa kugombania nguo, hasa kama mwenzio ameshazipakia garini.

Mwaka ukaisha, ikafika misa ya kuweka msalaba kaburini. Kaka alialika padri, wanunuzi wenzake na bwana mmoja wa benki. Sasa mtu mkubwa kama yeye aweke msalaba bila picha ya mama yake? Na Mama hakuwahi kupigwa picha. Mpiga picha alipofika Lipingo, Mama alimwambia asubiri kwanza aanue usipa, dagaa wake wa ziwani. Alipomaliza kuanua, mpiga picha alishaondoka.

Basi mheshimiwa akayakumbuka matambara.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tadea, mdogo wangu, wewe una kipaji."

Nikajua ana shida.

"Umtengeneze Mama," akasema. "Uso uonekane vizuri. Kitenge hiki hapa kipya, kimetoka nje. Muweke hereni. Na viatu."

"Mama alivaa viatu lini?"

"Atavaa sasa."

Nikaanza na uso. Kaka alisema pua ya Mama ilikuwa nyembamba. Mama Mdogo Agripina, mdogo wa marehemu, alisema ilikuwa kama yangu, na yangu wala haijawahi kusingiziwa wembamba. Nilibandika uso, nikaubandua. Mara nne. Kila mara alitoka mwanamke mzuri tu nisiyemfahamu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli: nilikuwa nimeanza kuisahau sura ya mama yangu. Ikinitoka, basi atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Wiki moja kabla ya misa kaka alikuja kunihimiza. Wakati ananieleza ni watu gani wakubwa watakuja, nilimtazama dereva wake, Hilari, akifuta mafuta ya injini kwa tambara. Chini ya ule weusi niliona samaki wa njano.

Ilikuwa mbeleko ya Mama. Alimbebea Ignatio, kisha akanibebea mimi, kisha akaitunza miaka yote ile. Wifi aliitumia kufungia vile vitenge sita, na vilipofunguliwa, yenyewe ikapewa kazi garini. Nilimpa Hilari kipande kizima cha kitambaa cha marekani, akanipa ile mbeleko huku akinishangaa.

Niliifua mara nne. Doa moja la oili, pana kama kiganja, likakataa kutoka. Nilipoianua nikaweka shavu langu juu yake, nikafumba macho. Nikamwona. Niliiona shingo yake iliyolala kidogo kushoto kwa uzito wa beseni la usipa, nyuma ya sikio lake, jasho lake. Mtoto wa mgongoni haangalii uso wa mama yake, anaangalia shingo. Nikaukata mgongo wote kutoka kwenye ile mbeleko, sikujaribu tena uso.

Nilifika Lipingo na gunia langu nimelifunika shuka. Kaka alipotaka kuchungulia nikamwambia gundi haijakauka. Baada ya misa akatoa hotuba, ndefu, zaidi ikimhusu yeye, kisha akafunua.

Bwana wa benki akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeelewa.

"Uso uko wapi?" kaka akaninong'oneza, meno yamebana, maana padri alikuwa karibu. "Na viatu?"

"Amevivua."

Mara wanawake wa Lipingo wakapiga vigelegele. "Mama Ignatio huyo! Anakwenda ziwani!" Mmoja akamwita asubiri waende wote.

Kaka hakuwasikia. Alikuwa ameliona doa. "Na uchafu huu? Mbele za wageni? Umeshindwa hata kufua?"

"Nimefua mara nne, kaka. Ni oili ya gari lako."

Akavua miwani. Akawatazama wale samaki wa njano kwa muda mrefu, kisha akamtazama Hilari, kisha akatazama chini.

Mama Mdogo Agripina, ambaye macho yake yameingia ukungu, akaja na fimbo yake. Akapapasa gunia taratibu mpaka akafika kwenye mbeleko. Akaushika mkono wa kaka, akauweka pale pale penye doa.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukilaza kichwa," akasema. "Ulikuwa na udenda wewe, Ignatio! Dada Zita alikuwa akiifua kila siku, na kesho yake anakubeba tena."

Kaka akalia, tena bila kukunja chochote. Wiki nzima nilikuwa nimemwandalia maneno makali ya saa ile, mazuri sana, nilishayapanga. Nikayameza, nikamshika mkono wake wa pili.