Santuri Sita za Ng'washi

Mwaka ule wa uhuru, mavuno yalipokwisha, Ng'washi binti Shimba alimjibu baba yake jibu ambalo watu wa Kirumba hawajalisahau mpaka leo. Na alilitoa mchana kweupe, mbele ya wateja, chapati ikiungua.

Ng'washi alikuwa na hoteli ya chai karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hoteli yenyewe mabenchi manne tu, lakini ilijaa kuliko za wenzake, na si kwa ajili ya chai, maana chai yake, tuseme ukweli, ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Watu walifuata gramafoni. Kaka yake Masalu, mpishi kwenye meli ya Kisumu, alimletea santuri sita za roki, muziki wa Ulaya na Amerika, gitaa linapiga kelele na mwimbaji anaimba kana kwamba amefukuzwa kwao na wala hajutii. Ng'washi alizipenda kufa. Mumewe alipomrudisha kwao kwa kuwa hakuzaa, watu wote walimpa pole. Santuri zile hazikumpa pole. Zilimwambia amka, na akaamka.

Sasa baba yake. Mzee Shimba alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na si manju wa kubahatisha. Akiimba Nyegezi, mtu wa Magu anafunga safari. Siku hiyo alikuja kwa miguu, rungu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba ya nini? Vijana wangu hawaji mazoezini! Wamejazana humu wanatikisa viuno kwa sababu ya sanduku! Wazungu wanafungasha mizigo, wewe unawatandikia mkeka. Lete hizo sahani nizivunje."

"Umewahi kuzisikiliza, baba?"

"Sihitaji kula nzi ndipo nijue ni mchafu."

"Basi huvunji kitu hapa."

Loo! Binti wa Kisukuma kumjibu mzazi wake hivyo, tena manju! Mzee mmoja aliweka kikombe chini, akakisogeza mbali na lile rungu.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha," Ng'washi akasema, bila kushusha sauti. "Wimbo haupigwi rungu, wimbo unashindwa uwanjani. Mwamuzi ni migongo. Manju akiona watu wamempa migongo, kwisha habari yake. Haya, tushindane! Jumapili, pale ufukweni, wewe upande wako na mimi wangu. Ukishinda, nazivunja kwa mkono wangu mwenyewe. Nikishinda, utakaa chini uzisikilize zote sita, upande huu na upande huu, bila kuinuka."

Shimba alicheka. Manju hakatai uwanja, na huyu alikuwa hajawahi kushindwa tangu binti huyo hajazaliwa.

"Jumapili," akasema, akaenda zake.

Jumapili mchana Kirumba yote ilikuwa ufukweni. Ng'washi na mwenzake wa jikoni, Suzana, walibeba meza wakaiweka gramafoni juu yake, wakazungusha mpini wake, wakaweka sindano. Na hapo ndipo Ng'washi alipojua kosa lake. Sauti iliyokuwa ikitikisa mabenchi manne, pale nje penye upepo wa ziwa, ilikuwa mbu. Upande wa pili ngoma za Shimba zilianza, mpigaji mkuu akiwa Ngosha, jitu la mabega, na ardhi yenyewe ikaitikia.

Kisha mzee akaanza kutukana, maana manju asiyejua kumtukana mpinzani wake kwa wimbo si manju:

"Binti yangu kaolewa na sanduku,
linaimba kutwa, halileti hata kuni!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata wateja wake, waliokunywa ile chai mbovu miezi yote, waligeuka mmoja mmoja. Jua halijafika hata magharibi, mbele ya Ng'washi ikabaki migongo mitupu. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko siku ile ya kurudishwa kwao.

Shimba akaja, jasho linamtiririka. "Umeiona migongo?"

"Nimeiona."

"Basi."

Suzana akamnong'oneza, "Ficha hata moja, dada. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Akaichukua ya kwanza akaipiga kwenye ukingo wa meza. Pa! Ya pili. Ya tatu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, wala hakuona aibu. Ya sita ilikuwa ile iliyomwamsha kitandani. Aliishika kidogo, kisha nayo akaivunja.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Ng'washi akaweka kiganja juu ya meza akaanza kuipiga, na akaimba. Wimbo wa kwanza, wa santuri ya kwanza, kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi wa jikoni. Pale asipojua Kiingereza alitia Kisukuma, na pale gitaa linapolia, alilia yeye. Suzana akaokota sufuria akafuata mpigo. Ikafika sehemu ya kuitikia, na jibu likamtoka Ngosha kabla hajafikiri. Na yeye alikuwa mnywaji wa ile chai. Halafu wengine, halafu wote, maana nani pale hakuzijua nyimbo zile?

"Nyamaza!" Shimba akanguruma. "Umeshindwa!"

"Nimeshindwa na nimevunja. Ahadi ilikuwa santuri, baba. Mdomo wangu sikuuweka rehani!"

Akaendelea kuimba.

Mzee Shimba akageukia upande wake awaamrishe watu wake wapige ngoma. Akaona migongo. Wa mbele na wa nyuma, wazee kwa vijana, na mpana kuliko yote ulikuwa wa Ngosha. Yeye, manju ambaye hakuwahi kupewa migongo maishani mwake!

Kisha akaweka rungu chini, akakaa juu ya mchanga. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Ng'washi aliimba santuri zote sita, upande huu na upande huu, na baba yake hakuinuka mpaka wa kumi na mbili ulipokwisha.