Nafasi Kando ya Baba

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Dada aliiweka laptopu ya baba yake juu ya kaunta ya fundi wa kompyuta, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Bawaba yake moja ilikuwa imefungwa kwa utepe mweusi wa umeme, na herufi M ilikuwa imefutika. Fundi, mama wa makamo mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, aliiwasha, akaenda kunywa chai, akarudi, akaikuta bado inajikongoja.

"Hii si kompyuta, huyu ni mgonjwa," alisema.

Dada akaeleza. Baba yake ni mpima ardhi mstaafu. Yeye mwenyewe alianza kumshikia baba futi akiwa na miaka tisa: baba anasimama huku na daftari, yeye kule na ncha ya futi, jua linawaka. Kaka yake ndiye aliyepelekwa chuoni, akapata leseni. Dada alibaki na ncha ya futi. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, na bodi ya wapimaji imesema kwamba hata asiyesoma chuo, mradi ana uzoefu, aje afanye mtihani wa leseni. Ameomba, amekubaliwa. Anahitaji programu ya kuchorea ramani ili ajifunze. Lakini kila akitaka kuiingiza, kompyuta inadai nywila ya msimamizi, na msimamizi ni Baba.

"Muombe."

"Anasema nywila ni kama hati ya kiwanja. Haiachwi ovyo."

Jina lake halikuwa Dada, bila shaka. Kaka alimwita hivyo tangu wadogo, na baada ya mama yao kufariki Baba akalichukua, kisha majirani. Wageni wakija na kusikia "Dada, lete maji", hawakujua kama huyu ni dada wa kuzaliwa au dada wa kazi, na kwa adabu hawakuuliza. Siku nyingine hata yeye mwenyewe angefurahi kuelezwa.

"Niufute mfumo wa zamani?" fundi aliuliza.

"Usifute. Ramani zake zote zimo humo."

"Basi tuweke mwingine kando yake. Mfumo huria. Huo hauombi ruhusa ya mtu." Fundi akachomeka flashi. "Nyumbani kuna wifi?"

"Yupo, lakini anakaa kwake na kaka."

"Nasema mtandao."

"Aa. Huo hakuna. Wifi ndiye yupo."

Kwenye kioo ulitokea mstari mrefu wenye kitufe katikati, wa kusogeza huku na huku. Fundi aliuliza mfumo mpya upewe nafasi kiasi gani. Dada aliona haya. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa anataka nafasi kiasi gani, na swali lilimkuta hajajiandaa. Akasema robo inatosha. Fundi alimtazama kwa miwani ya machoni, akashusha na ile ya kichwani, kisha akakisogeza kitufe hadi nusu.

Alipomrudishia laptopu alimpa maelezo. Kila ukiiwasha, utaona mistari miwili, uchague. Una sekunde kumi. Usipochagua, inakwenda kwa ule wa zamani.

"Kwa nini kwa wa zamani?"

"Ndiye aliyetangulia. Halafu, wewe ukiwa upande wako utaviona vitu vya upande wa baba. Yeye hataviona vyako. Ataona eneo lisilotambulika, na mara kwa mara ataulizwa kama lisafishwe. Ajibu hapana. Na saa zenu zitapishana, kama saa tatu hivi. Hilo usijali."

Dada hakujali. Kesho yake asubuhi, Baba akiwa mezani anakoroga chai, aliiwasha laptopu kwenye kiti cha ukumbini. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo, na pia ukutani, kati ya kalenda na swichi ya taa, kwa herufi nyeupe: Nyumba ya Baba. Nyumba Nyingine. Pembeni tarakimu zilishuka kutoka kumi. Zilipofika sita, Dada alibonyeza mshale wa chini, akathibitisha, na ukumbi ukakata kushoto, mahali ambapo siku zote ulikuwa haukati.

Huko kulikuwa na chumba cha mita nne kwa tatu, meza, kiti, dirisha, na mlango wake wa kutokea barabarani. Kitu cha kwanza alichokagua ni dari, kama inavuja. Haikuvuja. Akaketi, akafungua programu ya ramani, na programu haikumuuliza yeye ni nani. Alichora kiwanja chenye pembe tano mpaka mgongo ukamuuma. Kwa saa tatu nzima hakuna aliyemwita. Alipotoka, saa ya sebuleni ilirudi nyuma saa tatu, na Baba alikuwa bado anakoroga chai ileile.

"Sukari," alisema Baba.

Dada alimpa sukari.

Ikawa hivyo kila siku. Anaingia saa moja, anasoma, anatoka saa moja. Alijifunza kusahihisha makosa ya vipimo, kufunga mzunguko wa pembe, kuandika maelezo ya mawe ya mipaka. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli, ya kumfanya apike huku anaimba kwa sauti ya chini, na kwa kuwa hakuizoea alikuwa akiikagua mara kwa mara kama ile dari.

Aliyegundua ni Baba. Mtu aliyepima viwanja miaka thelathini hawezi kutoka msalani bila kuhesabu hatua. Alihesabu mara mbili, akaenda kuchukua futi, akaita, "Dada!"

"Abee."

"Hebu shika huku."

Akashika. Walipima ukumbi kwa ndani, wakatoka wakapima ukuta kwa nje. Nje mita ishirini, ndani kumi na sita. Baba hakushangaa. Alichukia tu, kama mtu aliyeletewa hesabu chafu.

"Kuna mita nne zimekwenda wapi?" aliuliza. "Na kila asubuhi ukuta unaniuliza kuna eneo halitambuliki, nilisafishe. Mimi nijibu nini?"

"Jibu hapana, Baba."

Alijibu hapana, lakini aliandika kwenye daftari, na Jumapili kaka mtu akaja na vyombo vyake vya kupimia na mkewe. Waliketi sebuleni. Dada alikuwa hajui kudanganya, kwa hiyo alisema yote, akawasha laptopu, akachagua, akawaongoza kushoto. Kaka aligonga ukuta kwa kidole. Akasema ukuta ni mzuri. Wifi alifungua dirisha, akalifunga, akaketi kwenye kile kiti cha pekee.

"Kumbe wifi yangu una nafasi," alisema. "Na mimi ninavyohangaika na cherehani kule kwangu, hata pa kugeukia sina."

"Mimi nasomea humu," alisema Dada.

"Soma, nani kakukataza? Tutakaa wote."

"Nina mtihani. Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Wa leseni."

Kaka aliinama kukagua kitu sakafuni. Baba alimtazama binti yake kwa muda, na Dada alidhani sasa anamwona.

"Alhamisi ya mwisho si ndiyo siku yangu ya kliniki?" aliuliza Baba.

"Kliniki ni saa nane, Baba. Mtihani unaanza saa tatu, unaisha saa sita. Nitawahi."

"Mtu wa kliniki hujiandaa tangu asubuhi."

"Utafanya mwakani," alisema Kaka, kwa upole kabisa. "Mtihani haukimbii."

Baba alimshika binti yake bega. "Lakini hongera, mwanangu. Umetuongezea nyumba." Hiyo hongera Dada aliingoja kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu ncha ya futi ya kwanza, na sasa alipoipata hakujua aiweke wapi. Ilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Jumatatu wifi alileta cherehani. Jumanne alileta mabinti zake pacha wa miaka minne, maana cherehani na watoto havikai chumba kimoja, ila kama shangazi yao yupo. Dada alipojaribu kulalamika alielezwa, bila ukali, kwamba zile saa tatu hazihesabiki. Hazionekani hata kwenye saa ya ukutani. Kwa hiyo akiwaangalia watoto ndani ya saa hizo hatumii muda wake hata kidogo, na hawezi kuchoka. Hesabu hiyo aliipitia usiku na mchana na hakuona kosa lake lilipo, ila alichoka.

Akarudi kwa fundi.

"Unaweza kuweka wa tatu?"

"Naweza. Lakini nafasi yake itakatwa kwenye nusu yako."

"Si kwa Baba?"

Fundi alikagua kioo kwa miwani zote mbili. "Kwa baba hapakatiki tena. Ameacha vitu katikati visivyohamishika."

Nyumba ya tatu ilikuwa na upana wa mlango. Ndani yake mtu alisimama wima, laptopu juu ya rafu, kiwiko kimoja kimegusa ukuta huu na kingine ule, na mwisho kabisa kulikuwa na mlango mwembamba wa barabarani wa kupita ubavu. Haikuwa na kiti, wala haikuhitaji. Dada alisoma humo amesimama siku kumi na moja. Wifi aliuliza mara moja kwa nini chumba kimebana, akasogeza cherehani, akasahau.

Alhamisi ikafika. Saa mbili kasoro dakika tano Dada alikuwa ukumbini amevaa, viatu mkononi asije akasikika, penseli nne, kitambulisho, na futi ndogo mfukoni. Baba alikuwa ameshaandaliwa: nguo zimepigwa pasi, kadi ya kliniki juu ya meza, chai kwenye chupa. Ukumbi wa mtihani ulikuwa mwendo wa robo saa. Angetokea mlango ule mwembamba, bila kupita mbele ya Baba. Aliwasha laptopu. Mistari mitatu ikatokea ukutani, na tarakimu zikaanza kushuka. Kumi. Tisa. Aliweka kidole juu ya mshale.

"Wifi!" ilisikika sauti ya mke wa Kaka kutoka upande wa kushoto. Siku hizo alikuwa akilala huko na watoto.

"Dada!" aliita Baba kutoka chumbani.

"Abee," alisema Dada, akageuza kichwa.

Neno lenyewe halikuchukua hata sekunde. Kugeuka ndiko kulikochukua zilizobaki. Hakufanya makusudi, shingo ilizoea. Alipotazama tena ukuta, maandishi yalikuwa yamekwisha, Nyumba ya Baba imefunguka, na saa ya sebuleni imerudi kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja.

Hakuogopa bado. Angeizima, aiwashe upya, achague. Lakini kioo kilikuwa cha buluu, na ukutani, kati ya kalenda na swichi, paliandikwa: Sasisho linaendelea. Asilimia moja. Usizime.

Nyumba inapojisasisha hakuna kinachofunguka. Dada alijaribu mlango wa mbele, kisha wa nyuma, kisha dirisha la jikoni, kisha bomba la maji, maana mkono ulikuwa unataka kufungua kitu chochote. Akarudi mlango wa mbele akauvuta kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Baba alitoka chumbani amevaa za kliniki.

"Unakwenda wapi na viatu mkononi?"

"Kwenye mtihani, Baba. Ni saa mbili."

Baba aliitazama saa ya ukutani. Kisha akalitazama jua, ambalo lilikuwa limeshafika kwenye kitasa cha mlango. Akavilinganisha viwili hivyo kwa makini, kama alivyofanya kazini maisha yake yote, akachagua saa.

"Ni saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Una haraka gani? Nafasi unayo tele. Kaa."

Dada akakaa. Asilimia kumi na mbili. Asilimia thelathini. Baba alikunywa chai. Shule ya jirani iligonga kengele ya saa tatu, na Baba akasema watu wa siku hizi wanakimbiza kengele. Ilipofika asilimia mia, kila kitu kilitulia. Bomba la jikoni lilitoa maji. Wifi alijikuta amesimama karibu na jiko pamoja na mabinti zake pacha na cherehani, akasalimia, akauliza kama kuna chai. Ukutani kati ya kalenda na swichi hapakuwa na kitu, hata mstari mmoja.

Dada aliizima laptopu, akaiwasha. Ikaingia moja kwa moja kwa Baba, bila kuuliza.

"Dada," aliita Baba, ameshachukua futi. "Hebu shika huku, kabla hatujaondoka."

"Abee."

Alivaa viatu, akaenda mwisho wa ukumbi, akashika ncha ya futi kwenye ukuta, mahali palepale ulipokuwa unakata kushoto. Baba alirudi kinyumenyume hadi upande wa pili, akainama, akasoma, akaandika. Mita ishirini kamili. Uso wake ulijaa furaha.

"Hakuna kilichopotea," alisema. "Shika vizuri nihakikishe. Usilegeze."

Dada akakaza.