Tuliyosomewa Kuhusu Wenzetu

Mimi bado nina hasira, na asinijie mtu kuniambia nipoe.

Katika chumba chetu cha kushonea sare za shule, nusu yetu ni kabila langu, nusu ni kabila la mama mzazi wa mke wa mwanangu. Yeye na mimi tunaitana mkwe. Macho yangu yamechoka, basi kila asubuhi hunitungia uzi kwenye cherehani kabla hajagusa yake. Sijawahi kumwomba.

Wakaja watu wa chuo kikuu, wanaochunguza jinsi makabila yanavyoishi pamoja. Mjukuu wetu, wangu na wa mkwe, ndiye aliyewaleta, maana ameajiriwa nao. Tulijivuna hasa!

Wakatugawa kwa kabila, vyumba viwili, wakatuuliza maswali. Kisha mjukuu akatusomea eti majibu ya wenzetu kuhusu sisi: wavivu, wanafiki, hatuaminiki. Tukapewa karatasi, nasi tuandike juu yao. Yangu niliirudisha tupu. Si wema, hasira ilinishika mkono.

Kesho yake mkwe alikuwa amehamishia cherehani yake dirishani, kwa watu wake.

"Mkwe, kuna nini?"

"Waulize watu wako."

Utani wetu wote ukafa. Mkasi ulikuwa ukiombwa kwa kidole.

Jioni nikamweleza mjukuu. Akaweka kikombe chini.

"Bibi, kuna jambo hamjaambiwa."

"Kuambiwa nini?"

"Yale majibu tuliyatunga. Vyumba vyote viwili vilisomewa maneno yaleyale. Tulitaka kuona mtu akiambiwa anadharauliwa atafanyaje. Tungeeleza mwishoni, lakini mkakimbilia kuchukua watoto shuleni."

"Na ukalala usingizi?"

"Profesa alisema tutaeleza siku ya matokeo."

"Matokeo ndiyo haya! Bibi yako mwenzangu hanisemeshi. Na wewe, mtoto wa pande zote mbili, ulisimama wapi ulipokuwa unasoma?"

Akalia. Siku zote akilia mimi humfuta machozi. Siku ile nilimwacha alie.

Asubuhi akaja na profesa wake. Profesa akakohoa.

"Kina mama, kitaalamu..."

"Kitaalamu kampelekee mama yako!" akasema yule tunayemwita Kidomo.

Mjukuu akampita profesa, akapiga magoti mbele ya mkwe. "Bibi, tuliwasomea uongo. Hakuna aliyewasema vibaya. Bibi huyu mwingine hakusema neno. Nisameheni."

Wengine wakamtukana, wengine wakashusha pumzi na kucheka. Kidomo akamkumbatia jirani yake, huku bado anamlaani profesa.

Mkwe hakucheka.

"Waliyotusomea wao ni uongo, sawa," akasema. "Na niliyoandika mimi?"

Akanigeukia.

"Nimeandika kwa mkono wangu. Nimekuandika wewe, mkwe."

"Ulikuwa na hasira."

"Hasira, ndiyo. Lakini maneno hayakunipa taabu kuyatafuta. Yalikuwapo tayari."

Nilitaka kumwambia yamekwisha. Nikaona nitakuwa namdanganya, na siku zile tulikuwa tumedanganywa vya kutosha. Nilivuta kiti nikaketi mbele yake, magoti yetu yakagusana.

"Niambie uliyoandika. Yote. Nikikasirika, nikasirike na wewe, si na karatasi."

Nyuma yangu nikasikia kalamu ikibofywa.

"Profesa," nikasema bila kugeuka, "toka nje."