Cheti Ndani ya Plastiki

Karani wa dirisha namba tatu alikigusa cheti kwa ncha ya kidole, akakirudisha chini ya kioo.

"Hiki hakipigiki muhuri, dada."

"Kwa nini?"

"Kina plastiki. Wino haushiki kwenye plastiki, na sisi tunapiga kwenye karatasi yenyewe tu. Kaombe kingine chuoni."

Mwalimu alikivuta cheti, akakisoma upya. Chini kabisa ya cheti kile cha shahada, kwa herufi za kutafutiwa miwani, chuo kilikuwa kimeandika kwamba hutolewa mara moja tu. Kupata kingine ni miezi sita, tena ukiwa na bahati. Yeye alikuwa na siku mbili.

Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja, wanafunzi sabini darasa moja. Shule ya ng'ambo iliyompa kazi haikushughulika na hilo. Ilitaka shahada. Ilitaka cheti cha kufundisha wageni, cha kozi ya saa mia na ishirini, akakisomea likizo nzima. Ikataka barua ya polisi kwamba hajawahi kufungwa. Ikataka hata mtihani wa kuthibitisha kwamba hicho Kiingereza anakijua, na mtu mzima akakaa mbele ya kompyuta kuielezea picha ya mwanamume anayenunua viatu. Alifanya yote hayo akinung'unika kimoyomoyo. Kilichobaki kilikuwa muhuri mmoja wa serikali nyuma ya shahada, na picha ya shahada hiyo itumwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikipita saa hiyo, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Walimwandikia hivyo kwa adabu sana.

Plastiki ilitoka kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na wiki ile binti alipohitimu alikichukua cheti bila kuuliza mtu, akakipeleka dukani kikabandikwe plastiki kwa mashine, maji yasikiguse, wala mende, wala husuda za watu. Alipeleka pamoja nacho cheti cha usafi ambacho binti alipewa darasa la nne. Kwake vyote viwili vilikuwa shahada.

Mwalimu alipitia duka lile lile. Mwenye duka alikigeuza cheti mara mbili, akatikisa kichwa.

"Kutia ninatia kila siku. Kutoa? Sijapata kumwona aliyetoa."

Alifika nyumbani. Mama alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani, hashoni.

"Afadhali umerudi mapema, mwanangu. Nitungie uzi, zimeniishia."

Miaka miwili sasa macho ya Mama hayakuliona tundu la sindano. Nguo aliiona, mshono aliuona, lakini tundu lile lilimshinda kabisa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Mwalimu alimtungia sindano sita akazichomeka kwenye kitambaa. Zikiisha, kazi inasimama mpaka arudi. Habari za ng'ambo zilipofika, Mama aliuliza swali moja tu: "Na sindano zangu?" Aliuliza huku akicheka, lakini Mwalimu hakuweza kucheka naye.

Sasa alimweleza kila kitu, dirisha namba tatu, plastiki, Ijumaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kuwasha pasi.

"Imebandikwa kwa moto, si ndiyo? Basi tutaipasha itoke. Kola ngapi nimezibandua kitambaa cha gundi kilichobandikwa kwa pasi baada ya mteja kubadili mawazo? Lete kwanza kile cha usafi tujaribie."

Alitandika kitambaa juu yake, akapitisha pasi, akaingiza wembe pembeni, akavuta. Plastiki iliinuka vizuri kwa upana wa kidole. Halafu karatasi ikachanika katikati, chwaa, na jina la mtoto wa darasa la nne likabaki nusu huku, nusu kule.

Mwalimu alikodoa macho.

"Nimevuta kwenda juu," Mama alisema. "Inatakiwa kukunjwa nyuma, ilale. Lete kikubwa."

Mwalimu hakukileta. Alikikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Wazo lilikuwa limemjia, baya, na hakuweza kulifukuza. Katika dunia nzima mtu mmoja tu angepona kidogo moyoni kama cheti hiki kingechanika, na mtu huyo ndiye aliyeshika wembe, tena macho yake hayaoni vizuri. Nani angemlaumu? Aliogopa cheti kisichanike, akamwogopa na mama yake mzazi, na hofu hii ya pili ilimtia aibu.

"Mama, unataka kitoke kizima?"

Pasi ilisimama hewani.

"Umeniuliza nini?"

"Hamna."

"Umeuliza, nimesikia." Mama aliiweka pasi chini taratibu. "Sitaki uende. Ndiyo. Tangu ile barua ije namwomba Mungu kitokee kitu ubaki. Leo kimetokea, na ni mkono wangu mwenyewe ulioharibu. Sasa naogopa kuliko wewe. Weka cheti mezani, ushike pembe ile, na usipumulie kazi yangu."

Mwalimu alikiweka.

Walikwenda upana wa ukucha kwa upana wa ukucha. Joto kidogo, wembe ulale, plastiki ikunjwe nyuma, waache ipoe, waanze tena. Mama hakutazama sana, alipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa mshono. Nembo ya chuo ikatoka. Jina likatoka. Walipoifikia sahihi ya mkuu wa chuo, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, wino ulianza kuinuka na plastiki. Mwalimu aliuona.

"Mama, simama!"

"Nimeuhisi." Mama aliondoa pasi, akashindilia pale kwa kiganja kikavu, akakaa hivyo muda mrefu huku midomo ikimchezacheza. Alipoanza tena alitumia joto la kiganja tu. Sahihi ilibaki kwenye karatasi, imepauka mkia wake wa mwisho.

Alhamisi asubuhi karani alikigeuza cheti, akakinusa, akamtazama Mwalimu. "Mmekipiga pasi?" Karani akaikagua ile sahihi, akaikagua tena, kisha akapiga muhuri.

Mwalimu alituma picha pale pale nje ya ofisi. Jibu lilimkuta njiani: aanze kazi baada ya wiki tatu.

Mama aliuona uso wa binti yake mlangoni, akaenda kabatini, akarudi na kopo la bati la sindano zake, zile alizokusanya tangu ujana wake wa ufundi. Akazimwaga juu ya meza, rundo zima, akaweka na kibunda cha uzi mweupe kando.

"Nitungie."

"Ngapi, Mama?"

"Zote."

Mwalimu aliketi, akachukua ya kwanza, akalamba ncha ya uzi. Uzi ukakosa tundu mara tatu.