Kimya cha Redio

Mtaani walimwita Redio, naye hakukasirika. Msusi gani asiyejua habari? Saluni yake ilikuwa sebule hiyohiyo ya nyumbani: kioo, viti vitatu, na benchi la wanaosubiri na wasiosubiri chochote. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba ndipo alipolala binti yake wa miaka kumi na sita, aliyerudi likizo ndefu akiwa si yule aliyeondoka.

Kwanza aliacha kula vizuri. Kisha akaacha kutoka. Mtaa mzima ulipendeza kwa mikono ya mama yake, lakini yeye misuko ya muhula uliopita ilikuwa imefungamana kama katani.

Asubuhi moja Redio alimpelekea chai. Binti akasema, uso ameuelekeza ukutani, "Mama, natamani nilale nisiamke."

Redio alitoka na kikombe kilekile mkononi. Kitu kizito alijua kukibeba kwa njia moja tu: kukisema huku vidole vikisuka. Kabla ya adhuhuri, benchi zima lilikuwa limesikia.

"Mapenzi hayo, shoga. Kaachwa."

"Mapenzi wapi! Simu hiyo. Mnyang'anye uone."

"Mpe ufagio! Sisi enzi zetu tulikuwa na nafasi ya kuhuzunika?"

Benchi likacheka. Redio naye akacheka kidogo, Mungu amsamehe, maana kicheko kilimpunguzia hofu. Ni muuguzi mmoja tu, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na kichwa kilichosukwa nusu, ambaye hakucheka.

"Maneno hayo si ya mchezo, dada. Alhamisi kuna mshauri pale zahanati. Mlete. Na usimwache peke yake."

Jioni Redio aliingia na sahani ya chakula. Binti akamtazama, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Wateja wameamuaje, mama? Mapenzi au simu?"

Ukuta ule aliujengesha mwenyewe. Alijua fika unapitisha hata kikohozi. Alitafuta la kujitetea, na maneno, yaliyokuwa hayajawahi kumtupa mkono, yakamtupa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema basi. Akatandika mkeka kando ya kitanda, akalala hapo.

Kesho yake aligeuza kibao cha mlangoni: Pamefungwa. Wateja wakagonga.

"Redio! Betri zimekwisha?"

Alikuwa amekaa kitandani, binti yake sakafuni katikati ya magoti yake.

"Usinisuke," binti alisema. "Fumua tu."

Akafumua, fundo kwa fundo, hadi alasiri, bila swali hata moja. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu.

"Nitaenda Alhamisi," binti akasema mwishoni. "Ila wewe utabaki nje."

Alhamisi mlango wa mshauri ulifungwa, Redio akabaki kwenye benchi la zahanati. Aliisikia sauti ya mwanawe, imelowa machozi, ikisema na kusema. Maneno hayakushikika. Mtoto aliyemzaa anampa mgeni kile anachoogopa kumpa yeye. Na haki anayo.

Mwanamke wa pembeni akamsogelea. "Umemleta nani, shoga? Anaumwa nini?"

Redio alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. Akaukunja mtandio mapajani, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nasubiri mtu," akasema, na akageuza uso ukutani.