Kuba la Kioo kwa Perege wa Vidunda

Marciana alipotangaza kwamba ataizamisha kamera yake majini, mjomba wake Stefano alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini.

"Kwani harusi zimekwisha huko Mikumi?" akauliza.

"Zipo, mjomba. Lakini hili nalo nitalifanya."

Alikuwa amepanda Vidunda kumjulia hali mama yake. Kule Mikumi mjini alikuwa na studio ndogo ya picha, na kazi haikumpa nafasi ya kurudi nyumbani mara kwa mara. Njiani alipita kwenye kidimbwi cha juu, chini ya maporomoko, mahali ambapo utotoni perege walikuwa wakimdonoa vidole vya miguu akioga. Alikuta vyandarua vya kitandani vimetandazwa ukingo mpaka ukingo. Chandarua hakichagui. Kilikuwa kinazoa mkubwa na mdogo, na mmoja wa wenye vyandarua hivyo alikuwa huyu huyu mjomba aliyeketi mbele yake.

"Perege jike hulea watoto mdomoni," Marciana alimwambia. "Ukimvua yeye umevua ukoo mzima."

"Nimevua mto huu tangu hujazaliwa. Samaki huletwa na mvua. Wakipungua, mvua inawarudisha." Stefano aliinua tena kikombe chake. "Nionyeshe huyo anayelea mdomoni, nami nitakunja chandarua."

"Nitakuonyesha," akajibu Marciana, na kwake neno hilo lilikuwa limekwisha.

Kasha la kuzuia maji alilipata kwa mzamiaji mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anahama. Makasha ya namna hiyo hutengenezwa kwa aina moja ya kamera, kwa sababu kila kitufe cha nje sharti kiangukie juu ya kitufe cha kamera iliyo ndani. La Marciana lililingana na kamera yake sawasawa. Tabu ilikuwa mbele, pale panapofungwa poti, yaani kile kioo ambacho lenzi huchungulia kupitia kwacho. Poti aliyouziwa ilikuwa bapa na fupi, ya lenzi ndogo. Lenzi yake pana iligusa kioo kabla kasha halijafunga.

"Tia lenzi ndogo basi," alisema Ashrafu, mshirika wake wa studio. "Lenzi ni lenzi."

Wakatia lenzi ndogo, wakajaza pipa maji nyuma ya studio, wakakoroga udongo kidogo ili yafanane na ya mtoni, wakatumbukiza ndani sato wa sokoni. Ili samaki mzima aonekane, ilibidi kamera isogezwe nyuma, na ikisogea nyuma picha inakuwa kama imepigwa ndani ya uji.

Marciana aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Dawa ya maji machafu ni kumsogelea samaki. Ukimsogelea na bado unamtaka mzima, unahitaji lenzi pana. Lakini lenzi pana nyuma ya kioo bapa hupoteza upana wake, maana maji yanapinda mwanga, na kingo za picha zinatoka na rangi zisizokuwepo. Hapo alihitaji kioo cha mviringo, kuba.

Muuzaji mmoja wa vifaa vya kamera huko Dar alimhakikishia kwenye simu. "Litakaa tu, dada." Kuba lilikuja kwa treni, pamoja na ringi ya kulisogeza mbele ya kasha, na Marciana akaenda kulipokea stesheni ya Kilosa. Lilifunga vizuri, likakaza, naye moyo ukamtulia. Kisha wakapiga picha kwenye pipa. Pembe zote nne zilikuwa nyeusi, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

"Tuzikate pembe kwenye kompyuta," alisema Ashrafu.

"Nikikata pembe nimekata ule upana niliousumbukia."

Usiku ule hakulala kabla hajaelewa. Mtandaoni alikuta jedwali la mtengenezaji linalotaja kila lenzi, kuba lake na ringi yake. Ringi aliyopewa ilikuwa ya lenzi ndefu zaidi. Lenzi yake ilizama nyuma mno, ikawa inaona kuta za ringi. Kuba lenyewe halikuwa na kosa.

Safari hii hakupiga simu. Alipanda treni Kilosa, kasha mapajani, akaenda kusimama mbele ya muuzaji. Yule bwana akamletea kuba kubwa zaidi.

"Kuba ninalo, kaka. Nataka ringi fupi, na nitaijaribu hapa hapa."

Muuzaji aliguna, akaingia stoo, akatoka na ringi. Marciana akafunga, akachungulia, akaizungusha kamera dukani pole pole. Pembe zilikuwa safi, hazina weusi. Akarudi nyumbani.

Kule Vidunda, kwenye kidimbwi cha juu, alilizamisha kasha kwanza bila kamera, na karatasi laini ndani. Lilipotoka, karatasi ilikuwa imelowa upande mmoja. Akachomoa oringi, ule mpira mwembamba unaozuia maji, akaukagua juani, akaona unywele wake mwenyewe umelala juu yake. Akausafisha, akaupaka grisi, akazamisha tena. Karatasi ikatoka kavu.

Kwa kuwa perege humkimbia mtu, aliibana kamera kati ya mawe karibu na gogo lililozama, akaiwasha irekodi video yenyewe, akaondoka. Alichopata mwanzo ni matope na kaa mmoja. Akaihamisha. Akapata mkia. Akaihamisha tena.

Jioni moja alimwita mjomba nyumbani kwa mama yake, akaiweka kompyuta mezani.

"Shikamoo, mjomba. Karibu uketi."

"Marahaba."

Kwenye kioo cha kompyuta perege jike alikuwa anaelea kando ya gogo, na mbele yake wingu la vitu vidogo kama mbegu za mtama, vyenye macho. Kivuli kikapita juu ya maji. Jike akapanua mdomo, na lile wingu likakimbilia ndani kama vifaranga wanaoingia bandani, mpaka hakikubaki hata kimoja.

Stefano akaomba aone tena. Akaona tena.

"Nimewahi kuwakung'uta hawa mdomoni mwake," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilijua amewala."

Asubuhi Stefano alikunja chandarua chake.

Wenzake hawakukunja. Ilibidi Marciana aionyeshe video ile kwenye mkutano wa kijiji, ukutani, na hata hapo watu walibishana mpaka jua likaelekea kutua. Mwishowe walikubali kukipumzisha kidimbwi cha juu msimu mmoja. Kidimbwi cha chini, wakasema, kiendelee kuvuliwa, maana watu nao wanakula.

"Umepata nusu," Ashrafu alimwambia kwenye simu. "Rudi, kuna harusi Jumamosi."

"Nitakuwepo Jumamosi," alijibu Marciana, huku akiifuta oringi kwa kitambaa safi. Mlangoni mjomba alikuwa anamsubiri, suruali ameikunja mpaka magotini, ili amwonyeshe mahali ambapo perege wa kidimbwi cha chini hujificha.