Tanzia Iliyopotea Njia ya Dumila

Nilikuwa nanunua chumvi sokoni Mkuyuni niliposikia: binti yangu Eufrazia, kule ofisini kwao Morogoro, ametupa tanzia ya mama mzazi wa Mwajuma. Mwajuma ni jirani yangu, ua kwa ua. Kaka yake, Sufiani, yuko Dumila. Hakufika mazishini wala kwenye hitima, maana hakupata habari. Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kwangu. Hata moto walikwenda kuomba mbali.

Siku ya nne tangu tanzia ipotee nikateremka mjini. Eufrazia alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeitupa?"

"Kaa kwanza, mama."

"Nimekaa kwenye gari tangu asubuhi. Sema."

Kampuni ile ilikuwa ya mtu binafsi, miaka ile kila mwenye mtaji alipokuwa anafungua yake. Watu walilipia salamu, tanzia zikiwamo, kompyuta ikazipeleka Dumila na Mikese. Laini ikikatika, salamu zinapanga foleni. Na kila jambo mashine inaliandika kwanza kwenye daftari lake la ndani, wenyewe wanaliita logi, ili ikizimika ijue ilipoishia. Upande wa pili ukithibitisha, kurasa za zamani zinafutika zenyewe.

"Sasa likajaa, mama. Mashine ikagoma."

"Likajaa nini? Mlikuwa mnanakili Biblia?"

Hakucheka. "Ni Salum, wa ofisi ya Dumila. Alifungua tanzia ya watu wengine, akaona si adabu kubonyeza 'nimepokea' kabla hajaenda mwenyewe kuwaambia wafiwa. Akaenda, hakuwakuta, wako shamba. Siku tatu ikabaki wazi. Na ikibaki moja wazi, mashine haifuti chochote kilichoandikwa baada yake."

Salum nilimwelewa. Hata mimi msiba siutaji nimesimama mlangoni.

"Na ya Mwajuma?"

"Ilikuwa kwenye foleni, nyuma. Ningempigia Salum aifunge ile yake, yangekwisha. Mimi nikalifuta daftari ili nipate nafasi. Mashine ilipowaka tena, foleni yote haipo, maana nayo iliandikwa humo."

"Si kuna karatasi aliyoandika Mwajuma mwenyewe?"

"Nazichana zikishaingia."

"Mbona hukuuliza mtu?"

"Nani, mama? Tangu wampunguze kazi mwenzangu Ernest niko na kuta hizi tu."

Basi uvumi ulikuwa kweli. Nikarudi naye Mkuyuni jioni ileile, akamweleza Mwajuma yote, amepiga magoti. Mwajuma alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungekuja siku ileile, mwanangu," akasema, "ningemtuma mtu Dumila. Kaka angewahi hata hitima."

Akamwinua, akampa maji ya kunywa. Mimi hakunitazama. Eufrazia amerudi kazini. Hodi bado sijaisikia, na jioni napika kibaba kimoja, cha kunitosha mimi tu.

Ninayaandika haya kwa wenye watoto kwenye kazi hizi. Wasomeeni:

Usifute daftari la mashine ili upate nafasi.
Usiongeze salamu mpya mashine ikigoma. Tafuta kwanza iliyokaa wazi siku nyingi.
Usiache tanzia wazi kwa ajili ya adabu. Thibitisha, kisha nenda ukakae na wafiwa.
Usichane karatasi ya mtu kabla upande wa pili haujajibu.
Usikubali kuachiwa ofisi peke yako bila mtu wa kumuuliza.
Ukiharibu, usikae siku nne. Nenda kwa mwenyewe siku hiyohiyo, hata kwa miguu.